Amekula, Imeahirishwa

Salima alinipigia simu Jumatano asubuhi nikiwa kwenye foleni ya maji hapa Miyuji. Mbele yangu kulikuwa na ndoo mbili halali na mwanamke mmoja aliyejipenyeza bila haya, na ndiyo kwanza nilikuwa nakunja mikono ya gauni nimwambie ukweli wake simu ikalia. Dada yake, Mwajabu, amefariki alfajiri, wanamzika Busi alasiri ile ile. Kabla sijamaliza kumpa pole akanikatiza. "Najua maziko hutayawahi, Sista. Njoo kesho. Na ukija uje unisimulie ule mwaka. Dada kaondoka nao." Nikamuuliza mwaka gani, kana kwamba sijui. "Ule niliougua. Sina hata siku moja ya mwaka ule kichwani. Kila nilipomuuliza dada alinijibu uliumwa, ukapona, Mungu mkubwa, haya kachambue mboga. Sasa umebaki wewe." Akakata. Nikamgeukia yule mwanamke wa ndoo nikamporomoshea maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi hata kuyajua, naye akarudi nyuma ya mstari huku akiuliza huyu bibi ana nini leo. Masikini, ndoo yake haikuwa na kosa kubwa kiasi hicho. Nilikuwa najikasirikia mwenyewe, kwa sababu mwaka ule ninao wote, na pale anapotaka kupasikia ndipo ninapopakwepa kwa miaka thelathini na kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Wazazi wangu, ukoo wangu na shule niliyosoma tuviache, havimo humu. Nilikuwa muuguzi mwenye cheti kipya na mdomo usio na breki, nimepanga chumba Ipagala pamoja na mpishi wa hospitali yetu, mjane mmoja wa Kigogo aliyeitwa Mama Eliza. Hospitali ilikuwa ya wagonjwa wa akili, na mwaka ule Daktari Severini alikuwa amerudi kutoka masomoni na begi la makaratasi na wazo moja. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, nalisema hata leo nikiwa na hasira zangu. Wapo watu ambao huzuni huwafunga kinywa na mwili. Hawali, hawasemi, vidonge haviwagusi. Siku hizi inaitwa sonona na inazungumzwa mpaka redioni, wakati ule tuliandika "huzuni kali" basi. Mtu wa namna hiyo akilazwa kwa dawa ya usingizi, misuli ikalegezwa, kisha umeme kidogo ukapitishwa kichwani kwa sekunde chache, mara nyingi hurudi. Daktari alitaka kujua, kwa watu wetu na kwa vifaa vyetu, wanarudi wangapi na baada ya mara ngapi. Mitaani walisema tunawapiga wagonjwa shoti. Nilieleza mpaka nikachoka. Mgonjwa amelala hoi, vidole vya miguu vinatetemeka kidogo, dakika moja imekwisha, anaamka anauliza yuko wapi. Lakini nani atake habari ya vidole wakati anayo habari ya shoti?

Mimi nilikuwa mtu wa fomu. Fomu ilikuwa na kurasa nne, imetafsiriwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kukaa na mgonjwa hata wa mafua. Kulikuwa na swali lililouliza kama mgonjwa bado anafurahia vipindi vya televisheni, nami niliwauliza watu ambao televisheni waliiona mara moja, kupitia dirisha la mtu. Swali la kwanza lilikuwa "Hali yako ikoje leo?" na wote waliokuwa na uwezo wa kusema walijibu "nzuri" machozi yakiwachuruzika, kwa kuwa mtu mwenye adabu akijuliwa hali hujibu nzuri kwanza, mengine yatafuata. Mashine ilikuwa sanduku dogo la mbao lenye mkanda wa ngozi, na umeme wa kuiendesha ulikuwa na siku zake za kuwapo na siku zake za kususa. Hebu nitafutieni mtu mwingine aliyewahi kukaa kwenye benchi akisubiri umeme urudi ili atibiwe kwa umeme! Dawa ya usingizi nayo ilikuwa na mtu wake, bwana mfupi mwenye hasira za karibu, tuliyemwita Bwana Usingizi akiwa hayupo. Tulimwazima Jumanne na Ijumaa tu, anaingia saa tatu asubuhi, saa tano keshaondoka. Alikuwa na sharti moja: mgonjwa asiwe ametia kitu tumboni tangu usiku. "Chakula kikipanda mtu amelala kinaingia mapafuni," alisema, "na mimi sizikii mtu uji wenu." Daktari naye alikuwa na sharti lake, alilopewa na kamati iliyosimamia utafiti: mgonjwa akiahirishwa mara tatu, anatolewa. Na zile dawa za usingizi zilikuwa za utafiti peke yake. Kutolewa kulikuwa na maana ya kufunga furushi na kwenda zako.

Salima aliletwa na dada yake wakati mvua zimegoma na kila kitu mjini kina rangi ya vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwepesi kama kuni kavu, na hakuwa amesema neno kwa miezi minne. Walikuwa watu wa upande wa Chemba. Mwajabu aliolewa Busi, na wazazi wao walipokwisha akamchukua mdogo wake akae naye huko kwa mumewe. Baina yao walisema lugha ya kwao, ile yenye vidoko, sauti za kugonga ulimi, ambayo hata mume na wakwe pale Busi hawaijui. Kiswahili cha Mwajabu kilikuwa cha shida, kila neno alilipima kabla ya kulitoa, nami nilikuwa mwepesi wa kummalizia sentensi zake, tabia mbaya ambayo hadi leo haijanitoka. Tuliwapa kitanda cha sita. Nakiona chumba kile sasa hivi: ukuta nusu ya chini rangi ya mafuta ya kijani, nusu ya juu chokaa, dirisha lisilofunga, vumbi juu ya kila shuka ifikapo saa nne. Nyuma kulikuwa na banda la bati la jamaa wa wagonjwa kupikia, na humo Mwajabu alikoroga uji wa uwele asubuhi na jioni. Kisha aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mdogo wake kidevu, akamtilia kijiko, akasubiri, akamfuta, akamtilia kingine. Bakuli moja lilikula asubuhi nzima. Nusu ya uji iliishia kwenye khanga. Miezi minne alikuwa akifanya hivyo, na kama si yeye tungekuwa tunazungumzia kaburi la zamani.

Sasa mwambie mwanamke huyo kwamba Jumanne na Ijumaa asimlishe. Nilimwambia. Akaitika "ndiyo, Sista" kwa adabu zote, na Jumanne ya kwanza Bwana Usingizi alipofika nikamkuta Mwajabu anamfuta Salima mdomo. Nikauliza, umempa? Akajibu bila kuona haya, nimempa. "Kwetu mtu haendi kwenye jambo zito na tumbo tupu, Sista. Hata kwenda kudai ng'ombe, anakula kwanza. Sasa huyu anakwenda kwenye umeme." Nikamweleza habari ya mapafu, nikachora mpaka picha nyuma ya fomu. Akaitazama picha kwa heshima. Nikaandika kwenye kisanduku: Amekula, imeahirishwa. Hiyo ya kwanza. Ijumaa ile niliwalinda kama askari, Salima akalazwa, mambo yakaenda vizuri. Jumanne iliyofuata nikapekua chini ya kitanda na ndani ya beseni, sikukuta kitu, nikajipongeza. Kumbe chupa ya chai imefichwa chini ya khanga, kifuani, na mama huyu amemlisha wakati mimi nabadilishana zamu mlangoni. Bwana Usingizi aliusikia ule uji kwa pua. Jamani, nilivyotukanwa siku ile mbele ya wahudumu! Amekula, imeahirishwa. Hiyo ya pili. Nikampeleka Mwajabu uani nikamwambia, sikiliza, ya tatu mnarudi Busi, na huyu atafia mikononi mwako na bakuli lako. Nilitumia maneno hayo hayo. Alinisikiliza ametazama chini, na tangu siku ile akatii. Ijumaa hajampa. Jumanne hajampa. Ijumaa nyingine hajampa. Mara zote tatu Salima alilazwa, akaamka, akarudi kitandani akiwa kimya vilevile, nami nikajaza kurasa nne za sufuri.

Jumanne ya kuahirishwa mara ya tatu niliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwajabu alikuwa amesimama katikati ya chumba na bakuli mkononi, robo yake imeliwa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukitazama vizuri. Mimi nilitazama bakuli. "Umempa!" Akasema, "Ameomba, Sista." Nikamwambia asinitanie. "Ameomba. Yeye. Mwenyewe ameomba," akarudia, na mkono wake wa pili ukamwonyesha Salima aliyekuwa ameketi, ndiyo, ameketi, mgongo ukutani. Nikasema leo ameomba, juzi mlisahau, kesho mtaota ndoto, nimechoka na visingizio vyenu, mnadhani nakuja hapa kucheza? Nikamnyang'anya bakuli. Nikaumwaga ule uji kwenye karai la maji machafu, mbele yao wote wawili, mwaka ambao uwele ulikuwa unatafutwa kama dawa. Macho ya Salima yaliufuata ule uji kutoka bakulini hadi karaini, na yakabaki pale. Macho ambayo tangu wafike hayakufuata kitu, wala nzi. Niliyaona. Niseme nini? Niliyaona na yakanipita, kwa sababu nilikuwa naogopa Bwana Usingizi, na kuna siku hofu na hasira hukaa kichwa kimoja zikakodolea bakuli. Ningeweza kuandika kwamba hajala. Hilo nalo lilinipitia, na nashukuru sikulifanya, kwani huenda ningemuua. Nikaandika ukweli wangu wa maneno mawili, Amekula, imeahirishwa, hiyo ya tatu, na saa nne Daktari akatia saini ya kumtoa. Mwajabu hakulia. Aliuliza tu gari la Kondoa linaondoka saa ngapi kesho.

Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda chumbani kwetu Ipagala, sufuria katikati ya mkeka, mlango wazi kwa ajili ya upepo. Nilikuwa nalalamika tangu nilipovua viatu. Mama Eliza hakuwa mtu wa kujibu malalamiko, alikula na kuguna. Nikamwambia ujeuri wa yule mama, kwamba baada ya kuonywa mara zote hizo anadiriki kusimama mbele yangu eti mgonjwa ameomba. Mama Eliza akaacha kutafuna. "Nani kaomba?" Nikasema si yule wa kitanda cha sita. "Wa sita yupi? Yule bubu?" Nikasema si bubu, ni ugonjwa. "Mimi najua wa sita, nampikia maziwa kila siku yanarudi kama yalivyokwenda. Nakuuliza, huyo ndiye kaomba?" Nikasema ndivyo dada yake anavyodai. "Na wewe ukafanyaje?" Nikamwambia nimeumwaga. Akaosha mkono, na Mama Eliza kuosha mkono kabla sufuria haijaisha ni jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Loyce," akasema. "Wiki zote hizi mnamtega huyo binti aseme neno. Mmemchoma sindano, mmemtia umeme, mnamuuliza habari za televisheni. Leo kasema. Kaomba uji. Mmeumwaga, mmemfukuza." Nikataka kusema fomu haina kisanduku cha kuomba uji, nikasikia ujinga wa maneno hayo kabla hayajatoka.

Asubuhi nilikwenda nikikimbia, nguo ya kazi nimeivaa nje ndani, nikiwa na hakika kwamba wamekwishapanda gari. Nikawakuta kwenye banda la bati. Furushi limefungwa, limekaliwa, na Salima ameegemea nguzo amefunikwa khanga mpaka shingoni. Nikauliza gari? "Gari lilikuwepo," Mwajabu akasema. "Nimelikataa." Kwa nini? "Ameomba tena leo." Kisha haraka, kama mtu anayejitetea mahakamani, akaongeza: "Nimempa. Leo si siku ya Bwana Usingizi." Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kumwomba radhi. Jiko lilikuwa linafuka, hapakuwa na mtu mwingine, na neno lenyewe ni fupi. Badala yake nikamwambia asiondoke, asimtoe pale, anisubiri, nikatoka mbio kwenda kwa Daktari, maana mbio zilikuwa rahisi kuliko lile neno.

Daktari Severini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasoma fomu yangu, akaisoma tena. "Kwa nini hukuandika kwamba ameomba mwenyewe?" Nikasema hakuna kisanduku. "Una kalamu, Sista! Una macho!" Nikamwambia, na hapa sauti yangu ilifika nje kwa madereva, kwamba ni yeye aliyetukusanya mwezi wa kwanza akatuambia marufuku kuandika nje ya visanduku, kwamba anayeandika nje ya visanduku anaharibu utafiti. Alikuwa amesema, na alijua. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaanza kufoka upya, safari hii akiifokea kamati, akiwafokea waliotafsiri fomu, akiufokea umeme uliokuwa umekatika tangu alfajiri. Nilimwacha afoke. Mwisho akasema kanuni ni kanuni, kwenye utafiti harudi, barua ya kuomba wambadilie kanuni ingechukua miezi, naye hana miezi. Lakini kumtibu mgonjwa hakuhitaji barua ya mtu. Mchana ule alikwenda mwenyewe hospitali nyingine, chumba cha upasuaji, akaomba dawa chupa mojamoja, na sijui alisujudu kwa nani. Bwana Usingizi alipoambiwa habari yote alisema, "Ya kamati malizaneni wenyewe. Mimi nileteeni tumbo tupu."

Tumbo tupu! Tukarudi pale pale. Nilikwenda kwa Mwajabu na safari hii nilikaa chini, kwenye furushi lake, nikamuuliza tufanyeje. Sikummalizia sentensi. Alifikiri mpaka uji ukaanza kuungua, akautoa motoni, akasema polepole: "Uji utangulie." Vipi utangulie? "Akienda na njaa, hajui kama atakula tena, hiyo ndiyo tumbo tupu. Uji ukimtangulia, akauona uko kule unamsubiri, anakwenda kama mtu anayekwenda kula." Kwangu ilikuwa hadithi ya bibi. Lakini Ijumaa ile nilibeba chupa ya chai yenye uji mpaka chumba cha mashine, nikaiweka dirishani, Bwana Usingizi akaitazama kama bomu. Mwajabu akamwambia mdogo wake maneno kwa lugha yao. Salima akalala chali ameigeuzia shingo ile chupa, akaitazama mpaka dawa ilipomfumba macho. Alipoamka hakuuliza yuko wapi. Alinyoosha mkono. Wiki chache baadaye dirisha lile lilikuwa na chupa nne, tano, za rangi zote, kila ndugu na yake, na nilipekua vitanda kwa mazoea tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaficha tena. Mwanamke ambaye nilimchorea picha ya mapafu ndiye aliyetatua jambo lililotushinda watu wa vyeti.

Salima alipona. Kwanza alianza kugombana na Mwajabu juu ya namna anavyomsuka, kwamba anavuta mno, na mimi nilisimama mlangoni nasikiliza ugomvi wa nywele nikiwa nalia. Kisha akacheka kitu alichosema Mama Eliza kuhusu Daktari, kitu kisichoandikika. Ila kila nilipoingia aliniuliza mimi ni nani. Nilimtajia jina langu kwa wiki tatu. Tiba ile huweza kula kumbukumbu za siku za karibu, na ugonjwa wenyewe nao hula zake. Mengine hurudi, mengine hapana, tulijua na tulimweleza dada yake. Kwenye ripoti ya Daktari, ambayo nilisaidia kuipiga chapa, Salima yumo kwenye mstari wa waliotolewa kabla ya kumaliza. Mgonjwa wetu aliyepona kuliko wote mwaka ule anahesabika kama tuliyeshindwa naye, na maandishi hayo yapo kabatini mahali fulani, na hakuna mtu atakayeyarekebisha. Siku ya kuondoka Mwajabu aliniachia kibuyu cha unga wa uwele. Nikasema safari njema, mkifika msalimieni shemeji. Samahani nilikuwa nimeiandaa tangu asubuhi, nikarudi nayo Ipagala. Baadaye nilikwenda Busi mara mbili, kwenye arusi za watoto wake, na mara zote nilijiambia kuna watu wengi, siyo leo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekua, ana ndevu.

Nilifika Busi Alhamisi kabla ya adhuhuri. Wanawake wamejaa uani juu ya mikeka, wengi siwajui. Salima aliyapokea mabega yangu, akalia kidogo, akajifuta, akanishika mkono kuniingiza chumba cha marehemu, akafunga mlango. Ni mama wa makamo sasa, fundi cherehani, miwani ameitundika shingoni kwa uzi, ana sauti ya kuamrisha aliyoirithi kwa dada yake. Kitanda cha Mwajabu kilikuwa kimetandikwa. Binti mmoja alitubishia mlango akaniletea bakuli la uji, nikaliweka sakafuni. "Haya," Salima akasema. Nikamsimulia. Fomu, mashine, dirisha, kijiko kwa kijiko, chupa kifuani. Hapo alicheka mpaka akapiga paja, akasema huyo ndiye dada. Nilipofika kwenye Jumanne ile nilitamani kuiruka tena, ulimi uko tayari kabisa kuiruka. Nikaisimulia. Niliyosema, karai, macho yake. Kwamba sikumwomba radhi dada yake, siku ile wala siku nyingine yoyote, mpaka jana wamemfukia.

Halafu akauliza, "Nilisema nini?" Nikamwambia uliomba uji. "Hilo nimelisikia. Nasema nilitamka nini? Maneno." Nikamwambia sijui, ulisema kwa lugha ya kwenu, nami sikuwamo chumbani, aliyesikia ni dada. "Hukumuuliza?" Sikumuuliza. "Miaka yote hii, Sista? Simu unayo. Arusi mbili umekuja, umekula pilau yake." Sikumuuliza, nikasema, kwa sababu ningemuuliza hilo ningelazimika kuyagusa mengine. Akavua miwani shingoni, akaivaa, akaivua tena. "Humu ndani lugha ile tulikuwa nayo wawili," akasema. "Watoto wake hawaijui, wangu hawaijui. Nilitaka kujua tu niliomba vipi. Kama mtoto anavyolilia, au kama mtu mzima anayejua anataka nini. Miezi minne kimya, halafu neno la kwanza, na aliyelisikia ni mmoja." Nje walikuwa wanaitana kwenda kuteka maji.

Akainama, akalichukua bakuli langu ambalo lilikuwa bado limejaa. Nilidhani ataumwaga, na ingekuwa haki yake. Akalitazama, akalikorogakoroga kwa kijiko, akaondoa utando uliokuwa umeganda juu, akaniwekea mkononi na kuvifunga vidole vyangu kulizunguka.

"Kunywa," akasema. "Unapoa."

Nikaunywa wote, yeye akinitazama.